Distro mia, mbegu moja

Wandugu wa chama, kila mara mmoja wetu akiuliza aweke Linux gani kwenye mashini yake, anapewa majibu kumi tofauti. Kisha anatokea mwenye kusema: kwani hawa watu hawawezi kukubaliana wakatengeneza moja tu? Na mwingine anamjibu mbio: hapana, wingi ndio uhuru wetu. Mimi hiyo mabishano nimeisikia tangu niko grade, na kwangu wote wawili wanahesabu vibaya. Niruhusuni nieleze kama mtu wa agronomia.

Kwa wale ambao hii si lugha yao: Linux yenyewe ni kiini tu, kile alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 1991. Kiini peke yake hakifungui hata dokima moja. Lazima watu wakusanye programu zingine, wazipange, wazijaribu pamoja, wazitoe kama kifurushi kizima. Hicho kifurushi njo distro. Slackware na Debian zilianza 1993. Ubuntu ilitoka ndani ya Debian mwaka 2004 (na hilo jina sisi hatuhitaji kutafsiriwa, ni utu wetu huo). Halafu Mint ikatoka ndani ya Ubuntu. Leo distro zinahesabiwa kwa mamia.

Malalamiko ya upande wa kwanza si ya uongo. Mwaka 2014, Torvalds mwenyewe alilalamika mbele ya watu wa Debian, katika mkutano wao wa Portland, Marekani. Ana programu yake ya wapiga mbizi, Subsurface. Kuitayarisha kwa Windows na kwa Mac haikumsumbua. Kuitayarisha kwa distro zote za Linux ilikuwa taabu tupu, huku pakiti ni deb, kule ni rpm, na maktaba za ndani zina umri tofauti. Kama mwenye kiini analia, mwanafunzi wa Uvira atafanya nini?

Walijaribu kutengeneza sheria moja. Iliitwa Linux Standard Base, na toleo lake la kwanza lilitoka 2001. Ilisema programu zigawanywe kwa rpm. Sasa fikirini: Debian na watoto wake wote wanatumia deb, wakaambiwa wapokee rpm kwa kuigeuza. Waandishi wa programu hawakuifuata sana, na mwaka 2015 Debian ikaacha karibu kazi yote ya kuitimiza. Sisi tunaijua hiyo hadithi. Mradi unakuja na karatasi nzuri, nafasi kati ya mistari imeandikwa kwa sentimita, lakini hakuna aliyemuuliza mkulima analima vipi. Wageni wakirudi kwao, karatasi inabaki ukutani.

Usawa wa kweli ulikuja kwa mlango mwingine, bila karatasi. Lennart Poettering na Kay Sievers walitoa systemd mwaka 2010. Kazi yake ya kwanza ni kuwasha huduma zote za mashini wakati inaamka: mtandao, saa, printa, kuingia kwa mbali. Kabla yake kila distro ilikuwa na maandishi yake ya kuwashia, na ukijua ya Debian bado ulikuwa mgeni kwa Red Hat. Fedora iliichukua 2011. Debian wakagombana miezi, na Februari 2014 kamati yao ya kiufundi ikagawanyika sawasawa mpaka kura ya mwenyekiti ikaamua: systemd. Siku chache tu nyuma yake Ubuntu ikafuata. Waliokasirika wakajitenga, wakazaa Devuan, ambayo toleo lake la kwanza kamili lilitoka 2017.

Mimi si wa wale wanaolaani systemd. Amri unayojifunza leo kwa Fedora, kesho inakusaidia kwa Debian, na kwa sisi tunaofundishana bila mwalimu hiyo ni faida kubwa. Lakini angalieni kilichotokea 2024.

Kuna maktaba ndogo inaitwa xz, ya kubana mafaili. Mtu aliyejiita Jia Tan alisaidia mradi huo zaidi ya miaka miwili, kwa upole, mpaka akaaminiwa funguo. Akaingiza mlango wa siri katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Alilenga sshd, ile huduma ya kuingia kwenye seva kwa mbali. Na sasa sikieni vizuri: sshd yenyewe haitumii xz hata kidogo. Ila Debian na Fedora, kila moja kwa upande wake, zilikuwa zimeiongezea kipande ili izungumze na systemd. Kile kipande kilikuwa kinaita maktaba ya systemd, na maktaba ya systemd ilikuwa inaita xz. Kwa njia hiyo sumu ilipita. Tena maandishi ya mshambuliaji yaliangalia kwanza: je, hapa inatengenezwa pakiti ya deb ao ya rpm? Kama si hivyo, yalilala kimya. Arch ilikuwa imegawa toleo lile lile baya, lakini sshd yake haikuwa na kile kipande, basi mlango haukuwa na pa kufungukia. Alpine iko na maktaba ya msingi nyingine kabisa na haina systemd, haikulengwa.

Deb na rpm, zile familia mbili ambazo watu wanabishania usiku kucha kama ni makabila, zilikuwa na udhaifu mmoja ndani ya damu. Kilichookoa ni mambo mawili. Andres Freund, mtu wa PostgreSQL, aliona kuingia kwa ssh kunachelewa nusu sekunde na hakukubali kunyamaza. Akatangaza tarehe 29 Machi. Na kwa Debian na Fedora, lile toleo baya lilikuwa limefika tu kwenye matawi ya majaribio. Debian 12, iliyo pole katika kubadilisha, haikuwa nayo bado. Tofauti ya mwendo nayo ni utofauti, hata kama tunaicheka Debian kwa uzee wake.

Katika shamba, hesabu ya majina haina maana. Mhogo mmoja unaweza kuwa na jina hapa na jina lingine ng'ambo ya mlima, na ni shina lile lile. Ndizi ya Gros Michel iliuzwa na makampuni mengi, na alama nyingi, lakini zote zilikuwa mmea mmoja, na ugonjwa wa Panama ukaiangusha katika biashara kabla ya 1970. Hivyo, Ubuntu, Kubuntu, Xubuntu na Mint kwangu ni mbegu moja yenye mifuko minne. Mbegu tofauti ni Alpine, ni Void, ni Slackware, ni NixOS. Anayesema tuko na mamia ya chaguo, amehesabu mifuko.

Na anayetaka distro moja, nimuulize kuhusu mashini zetu. Nyingi zinafika kwetu kwa mitumba, zimezeeka huko zilikotoka. Ubuntu iliacha kutoa CD ya biti 32 mwaka 2017, Fedora ikafuata 2019, na Debian 13, ya 2025, haina tena cha kuwekea mashini hizo. Hakuna aliyefanya kosa, wamechoka kubeba mzigo ambao wengi wao hawauhitaji. Alpine na Void bado wanaubeba. Kungekuwa na distro moja, uamuzi ungekuwa mmoja, na mashini zimekufa siku hiyo hiyo.

Hata dawa mpya, Flatpak, inayotoa programu moja kwa distro zote, ina bei. Programu ndogo ya kwanza inakudai msingi wa mamia ya mega. Kwa mwandishi wa programu taabu imeisha. Imehamia kwa wewe unayenunua mega. Wakati Debian iko na DVD unazoweza kunakili kwa mwenzako bila mtandao.

Pendekezo langu kwa chama ni hili. Mashini za kazi, za QGIS na R, ziwe Debian zote, juu mmoja akikwama mwenzake amsaidie kwa amri ile ile. Ile moja tutakayotunzia data za majaribio ya mashamba iwe Alpine, na wawili kati yetu wajifunze kuishika. Data zenyewe ziwekwe katika CSV na GeoPackage, si katika faili ya programu moja. Ramani za groupement tulizozipima mwaka jana bado ziko kwenye funguo za watu watatu. Tuanze na hizo.