Vumbi Juu ya Karatasi Nyeusi

Geita vumbi halidharauliwi. Kwenye makarasha ya wachimbaji wadogo, mahali pa kusagia mawe, sakafu hufagiliwa na kinachozolewa hutunzwa. Mchanga uliokwisha kupita mwaloni, mahali pa kuoshea dhahabu, huitwa marudio, nao huuzwa tena kwa mwenye uwezo wa kuuchenjua upya. Watu wa ukanda huu, kuanzia Kahama na Bulyanhulu hadi ufukweni mwa ziwa, hawahitaji mwalimu wa kuwaambia kwamba mali hukaa ndani ya unga. Pengine ndio wangekuwa watazamaji wakali kuliko wote wa aina moja ya picha za ukutani: chapa za sanaa zinazoonyesha diski za vumbi zinazozunguka nyota changa, mahali sayari zinapoundwa.

Nyota inapozaliwa, gesi na vumbi vinavyosalia huizunguka na kujilaza bapa. Chembe hugongana, hushikana, huwa kokoto, kisha majabali, na baada ya mamilioni ya miaka huwa sayari. Dunia nayo ilianza hivyo, takriban miaka bilioni 4.5 iliyopita.

Kinachomsumbua mpiga picha ni nyota yenyewe. Mwanga wake humeza vumbi lote lililo kando yake. Mwaka 1983 setilaiti ya IRAS ilihisi joto la ziada kuizunguka nyota Beta Pictoris, iliyo umbali wa miaka nuru 63, lakini kuhisi joto si kuona. Mwaka uliofuata Bradford Smith na Richard Terrile, wakiwa kwenye kituo cha Las Campanas nchini Chile, waliiziba nyota hiyo kwa kizibo kidogo ndani ya chombo chao, kisha wakailinganisha na nyota nyingine isiyo na vumbi ili kuufuta mwanga uliovuja pembeni. Kilichobaki kilikuwa mstari mwembamba wa nuru uliotokeza huku na huku: diski, ikitazamwa kwa ubavu. Anayezungusha karai la dhahabu majini angewaelewa mara moja, maana naye kazi yake kubwa ni kuondoa.

Darubini ya Hubble ilileta ufundi wa kinyume. Ndani ya nebula ya Orion, umbali wa takriban miaka nuru 1,300, ilikuta diski zilizosimama mbele ya gesi inayong'aa, zikiwa vivuli vyeusi tupu. Hapo vumbi halikuhitaji kuangazwa. Lilijichora kwa kuziba. Na ile diski ya HH 30, iliyo upande wa kundi la nyota la Ng'ombe, jirani na Kilimia ambacho wakulima wamekitazama tangu zamani, imelala kwa namna ambayo yenyewe inaificha nyota yake. Mwezi Februari 2025 ilitolewa picha yake iliyounganisha kazi ya darubini tatu: Webb, Hubble na ALMA. Vumbi jepesi limetanda juu na chini, na chembe nzitonzito zimeshuka katikati zikafanya tabaka jembamba. Mchenjuaji yeyote atatabasamu: hata huko kizito kinatafuta mahali pake.

Rangi, je? Picha zinazotoka kwenye darubini ya Webb hufika zikiwa za kijivu, moja kwa kila kichujio, tena nyingi ni za mwanga wa infraredi ambao jicho la binadamu haliuoni kabisa. Katika taasisi ya sayansi ya darubini za anga mjini Baltimore, mafundi kama Joseph DePasquale na Alyssa Pagan huzipanga: mawimbi marefu hupewa wekundu, mafupi hupewa buluu, ya kati hugawana rangi zilizobaki. Wapo wanaosema huo ni udanganyifu. Hoja yao haina uzito. Mwanamuziki anayeshusha wimbo ili mwimbaji mwenye sauti nzito aufikie hajaubadilisha wimbo, maadamu noti zimebaki katika mpangilio wake. Udanganyifu ungeanza pale fundi anapofuta diski asiyoipenda au kuongeza pete ambayo haikuwepo.

Lakini hata picha ikikamilika kwenye kioo cha kompyuta, nusu ya kazi bado. Kioo hutoa mwanga wake chenyewe; karatasi huazima mwanga wa chumba. Mchapaji ndiye anayebeba mzigo huo, na jina lake huandikwa mara chache.

Mzigo wenyewe ni weusi. Picha ya diski ni giza kwa sehemu kubwa, na giza lake lina ngazi: anga tupu, kisha wingu hafifu, kisha ukingo wa vumbi, kila moja nyeusi kuliko jirani yake kwa kiasi kidogo mno. Karatasi ya pamba isiyong'aa hunywa wino, na weusi wake huelekea kijivu; yenye tabaka la barita hutoa weusi wa kina, ila hurudisha mwako wa taa machoni. Wino wa pigmenti huchaguliwa kwa sababu hudumu miaka mingi bila kuchujuka. Mashine ikikosa utulivu, mpito laini kutoka njano ya moto hadi giza huvunjika ukawa mistari kama ngazi, na chapa hiyo hutupwa. Tena upo mzaha mmoja wa kazi hii: chembe ya vumbi ikitua juu ya karatasi wakati wa kuchapa, wino huangukia juu yake, na ikipukutika huacha kitone cheupe. Nyota ya uongo! Anayechapa picha ya vumbi sharti afanye kazi mahali pasipo na vumbi. Mtu aliyewahi kuishi Shinyanga wakati wa kiangazi anajua hilo si jambo dogo.

Masalia ya diski ya jua letu nayo yamewahi kuangukia nchi hii. Mwaka 1930 kimondo kilianguka Malampaka, mji wa reli ambao kwa miaka mingi ulihesabiwa Shinyanga kabla ya mkoa wa Simiyu kuanzishwa mwaka 2012. Kiko katika kundi la mawe yenye vitone vidogo vilivyoyeyuka na kuganda angani kabla Dunia haijakamilika. Tarehe 16 Desemba 1938 kingine kilianguka Ivuna, katika eneo ambalo leo ni mkoa wa Songwe. Ni cha aina adimu mno, na sayansi ya dunia nzima huiita aina hiyo CI, herufi ya pili ikiwa ya Ivuna. Japani ilipoleta mchanga wa asteroidi Ryugu mwezi Desemba 2020, wachunguzi waliukuta unafanana na jiwe hilo. Hata dhahabu iliyo chini ya Geita ilikuwamo katika diski ile, imetawanyika, kabla Dunia haijapata umbo.

Sasa basi, picha za Hubble na Webb hutolewa bure kwa umma, nyingi katika ukubwa unaofaa kuchapwa; kinachotakiwa ni kutaja zilikotoka. Miji ya Kahama, Geita na Shinyanga ina mashine zinazochapa mabango ya harusi na kampeni. Walimu wa sayansi na wenye mashine hizo wakutane: waanze na HH 30, wachague karatasi nzuri, wafute vumbi mezani. Na mwanafunzi atakayeuliza kama nyota zenye diski hizo zipo kweli, atolewe nje jioni ya Januari au Februari mawingu yakiruhusu. Aelekee kusini, aitafute nyota kali ya Suheli, kisha ahesabu upana wa vidole vitatu vya mkono ulionyooshwa, kuelekea kulia. Nukta hafifu atakayoiona hapo ni Beta Pictoris.