Misalaba Mitatu ya Tshibumba: Ishara katika Picha na Simulizi

Wahakiki wetu wamezoea kutafuta ishara katika ushairi na riwaya. Uchoraji wa miji ya shaba ya Katanga, kutoka Lubumbashi kupitia Likasi hadi Kolwezi, ambayo leo ni makao makuu ya jimbo la Lualaba, haujapewa nafasi hiyo, ingawa umelelewa ndani ya Kiswahili. Katika miaka ya 1970 picha hizo zilitundikwa katika nyumba za wafanyakazi, na kazi yake ilielezwa kwa neno moja: ukumbusho.

Mfano bora ni Tshibumba Kanda Matulu. Mwaka 1973 na 1974 alimchorea mwanaanthropolojia Johannes Fabian historia ya nchi yake katika picha zipatazo 100, akaisimulia kwa Kiswahili cha Katanga. Fabian aliichapisha mwaka 1996. Katika picha ya mauaji ya Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito, yaliyotokea tarehe 17 Januari 1961, miili imelala chini na nyuma yake imesimama misalaba mitatu.

Yuko atakayesema kwamba hii ni picha ya Kikristo tu. Rai hiyo haitoshi. Kwa kuwaweka watu watatu chini ya kivuli cha Golgotha, mchoraji anadai kwamba kifo chao kilikuwa dhabihu. Ishara imetoka kanisani, lakini hukumu ni ya raia.

Mlinganisho wa kufaa unapatikana Uajemi. Huko wachoraji wa mikahawani, kama Hossein Qollar-Aghasi na Mohammad Modabber, walichora kifo cha Imamu Huseni kilichotokea Karbala mwaka 680. Msimulizi husimama mbele ya pazia lenye picha za namna hiyo akihadithia. Huko pia waliouawa na watawala hukumbukwa kama mashahidi, na picha hukamilishwa na sauti. Tofauti ni kwamba msimulizi wa Uajemi amepokea kisa kinachokubaliwa na hadhira yake, ilhali Tshibumba alihukumu tukio la juzi, wakati Mobutu, mmoja wa wahusika, angali madarakani.

Basi picha ya Tshibumba ikitundikwa bila maneno yake, nusu ya kazi imepotea. Maneno hayo yako katika Kiswahili ambacho wengi wetu hukiita kibovu. Idara zetu zikisome kama matini ya fasihi. Vinginevyo tutawaachia wengine kutufasiria ukumbusho wa wasemaji wenzetu.