Mtoto Katika Safu Nne

Mtaala wa umilisi wa Kenya, ulioanza kutekelezwa nchini kote Januari 2019, humweka mtoto wa miaka minne katika darasa la awali la kwanza (PP1) na wa miaka mitano katika la pili (PP2). Mwalimu hupewa jedwali la tathmini lenye safu nne: kuzidisha matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio, na mbali na matarajio. Wazazi wanazijua kwa herufi za Kiingereza za ripoti: EE, ME, AE, BE. Mabishano mengi juu ya mtaala huu yamehusu mzigo wa kazi na gharama. Mimi nalisoma jedwali lenyewe, kama matini.

Tuanze na mpangilio. Macho huanzia kushoto, na kushoto kabisa amewekwa mtoto aliyezidisha. Aliyetimiza kila alichotakiwa anasomwa wa pili, kana kwamba kuna kitu amekosa.

Kisha sentensi. Chukua stadi ya kupanga vitu kwa rangi. Kwa kawaida safu ya kwanza itasema mtoto anapanga kwa usahihi kila mara, pengine na ziada. Ya pili itaondoa ziada. Ya tatu italeta "baadhi". Ya nne itasema "kwa kusaidiwa". Kiima hakibadiliki, kitenzi hakibadiliki. Hukumu yote imebebwa na vielezi na hilo "baadhi". Wala hakuna wakati uliopita: ni anapanga, anaweza, anatambua. Vizibo vya soda alivyovimwaga sakafuni havimo, wala mwenzake aliyemnyang'anya chekundu, wala dakika ile alipoamua kuvipanga kwa ukubwa badala ya rangi kwa sababu zake mwenyewe. (Mtoto aliyepanga kwa ukubwa angepata nini? Jedwali halina mahali pa kumweka.)

Kielezi cha safu ya nne ndicho kinachonikera hasa. Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Kisovieti aliyefariki 1934, alishikilia kwamba yale mtoto anayoyaweza kwa msaada ndiyo yanayoonyesha ukuaji unaokuja. Mfumo wa mtaala wa Kenya wa 2017 unamtaja miongoni mwa wananadharia wake. Lakini nadharia inapofika kwenye jedwali, msaada unageuka kuwa alama ya upungufu. Kwa umri wa miaka minne, ni nani asiyesaidiwa?

New Zealand walishika njia nyingine. Margaret Carr, mmoja wa waandishi wa mtaala wao wa Te Whāriki wa 1996, alieleza katika kitabu cha 2001 tathmini iitwayo hadithi za kujifunza. Mwalimu huandika tukio moja, mara nyingi akizungumza na mtoto mwenyewe: ulijaribu, ulikasirika, ulimwita rafiki. Wakati uliopita umerudi, vitu vimerudi, na mtoto anafanya jambo. Hata mzazi asiyejua lugha ya walimu ataelewa kilichotokea.

Ila kisa nacho kina hila zake. Mtafiti wa huko huko, Ken Blaiklock, alihoji kama hadithi hizi zinaweza kweli kuonyesha mtoto amebadilika vipi kadiri muda unavyopita. Naongeza langu: msimulizi huchagua tukio linalosimulika. Mtoto mkimya wa pembeni hana kisa, na visa vyenyewe hupenda kuishia kwenye ushindi. Jedwali, kwa ubaridi wake wote, angalau humlazimisha mwalimu kulitazama kila jina. Na mwenye darasa la watoto hamsini hatapata jioni za kuandika hadithi.

Kwa hiyo jedwali libaki, ila safu ya nne iandikwe upya. Badala ya "kwa kusaidiwa", mwalimu ataje msaada wenyewe: alionyeshwa mara moja, alihesabu akiimba na mwenzake, alielewa alipoambiwa kwa Kidigo. Ni maneno matatu au manne kwa mtoto, na mwalimu wa PP2 atakayempokea Januari atajua pa kuanzia.