Chrome 73 ilivyokimeza kitufe cha kucheza

Machi 2019 Chrome 73 ilianza kuitikia vitufe vya midia vya kibodi. Wazo lilikuwa zuri, na kuunganisha kitufe na kichupo chenye sauti kulifanywa kwa ustadi. Kosa, tena kosa la wazi, ni namna kitufe kilivyonaswa kwenye Windows. Msimbo wa Chromium ulitega ndoano ya WH_KEYBOARD_LL, na kitufe kikionekana ni cha kivinjari, ulirudisha 1 badala ya kuita CallNextHookEx. Mnaijua ile 1: kitufe kimemezwa. Spotify iliyo zamu ya kupiga muziki haipati ujumbe wala kosa la kuripoti. Mtumiaji anabonyeza, na badala ya wimbo kunyamaza, inaamka video aliyoisimamisha kitambo kwenye kichupo alichokisahau. Ndoano hiyo, isitoshe, hupitiwa na kila kibonyezo, nywila zikiwemo, na Windows huusubiri uzi ulioitega kabla ya kusonga mbele. Ukichelewa kupita kikomo (kisichozidi milisekunde 1000 tangu toleo la 1709 la Windows 10), ndoano hung'olewa kimyakimya. Yote hayo kwa ajili ya vitufe vinne!

Waandishi wa programu za DOS zilizokaa kwenye kumbukumbu walikuwa na adabu zaidi, ingawa walishika katizo la 9 kwa mikono mitupu: unahifadhi anwani ya zamani, unasoma mlango wa 60h, kitufe kisipokuwa chako unamrukia aliyekutangulia. Mtanikumbusha SideKick ya Borland, iliyotaka kupakiwa mwisho ili iwe ya kwanza kusikia. Kweli, lakini mpangilio ulikuwa kwenye AUTOEXEC.BAT, mwenye mashine akiuona na kuubadilisha. Swichi ya kuzima unasaji wa Chrome ilifichwa chrome://flags, mahali ambapo mtumiaji wa kawaida hakanyagi. (Apple nao, na kitufe chao kilichofungua iTunes bila kuombwa, wasicheke.)

Wapo wanaosema RegisterHotKey, njia ya kuiomba Windows kitufe waziwazi, nayo ni uhodhi. Ni uhodhi, ila wa hadharani: anayekuja wa pili anakataliwa papo hapo na anaweza kumweleza mtumiaji. Hoja nzito zaidi ni kwamba WM_APPCOMMAND, ya tangu Windows 2000, huanzia kwenye dirisha lililo mbele, na kivinjari mara nyingi kiko nyuma. Sawa, lakini Windows 8.1 ilikwisha kuleta SystemMediaTransportControls, ambako mfumo wenyewe ndio unaoamua kitufe kiende kwa nani, na baadaye Chrome yenyewe ilihamia huko. Zilibaki Windows 7 na 8, ambazo Chrome bado ilizihudumia mwaka ule na hazikuwa na huduma hiyo. Huko RegisterHotKey ingetosha, ikiombwa muziki unapoanza na kuachiliwa unaposimama. Kutunza njia mbili ni usumbufu, lakini waliobebeshwa usumbufu huo ni waandishi wa programu nyingine, ambao hawakuwa na mahali pa kuuona wala kuurekebisha.