Mkono wa Mbandika Protekta

Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, una kelele za kila namna: matoroli, wapiga debe, spika zinazojaribiwa mlangoni mwa maduka. Katikati ya kelele hizo, nyuma ya kimeza cha vioo kilichojaa kava na chaja, kijana anafanya kazi inayodai utulivu. Simu zinamfikia zikiwa na mafuta ya vidole, poda, jasho na vumbi la daladala. Pakiti ya protekta hajaigusa. Kwanza anafuta.

Ufundi wa kazi hii, kwa maoni yangu, uko hapo kwenye kufuta. Kitambaa chenye spiriti huondoa mafuta, kikavu huondoa ukungu wa spiriti, kisha stika ya kunasia vumbi hubandikwa na kubanduliwa kutoka kona hadi kona. Anailaza simu ubavu ielekee mwanga, maana vumbi huonekana linapopigwa na mwanga wa pembeni. Feni ameigeuzia kwingine hata kama joto la Desemba linamchosha, kwa sababu feni ndiyo inayorusha vumbi.

Chembe moja tu inatosha kumharibia. Glasi ya protekta ina unene wa takriban theluthi moja ya milimita, lakini ni ngumu, haikunjiki kufuata kilicho chini yake. Chembe ikinaswa, glasi huinuka kuizunguka, na povu linalotokea huwa kubwa kuliko chembe yenyewe. Povu la hewa tupu ni jambo jingine: gundi ya silikoni huendelea kushika, na likiwa dogo hupungua lenyewe baada ya siku moja au mbili. Kuyatofautisha mapovu haya kwa jicho ni elimu. Anayejifunza huyakandamiza yote kwa kadi. Bingwa huliacha la hewa. La vumbi hulifuata kwa selotepu, akainua kona kwa ukucha, akanasa chembe, akarudisha.

Halafu huja kuachia. Ameshalenga tundu la kamera na kingo zote. Anaishusha glasi, anagusa katikati kwa kidole kimoja, anaondoa mkono. Gundi inatambaa yenyewe hadi pembeni, kama maji yanavyotambaa sakafuni. Ninamheshimu sana mtu anayejua kuondoa mkono wakati huo.

Simu za kioo kilichopinda zimeongeza mtihani. Nyingine hutaka gundi ya majimaji inayokaushwa kwa taa ya urujuanimno, na gundi hiyo ikipenya kwenye spika, sauti imekwenda. Basi fundi huziba matundu na vitufe kwanza, kimoja kimoja.

Pakiti nyingi zimeandikwa 9H. Ni alama ya kipimo cha penseli, wala si ahadi kwamba glasi haitakwaruzika. Mchanga wa Kigamboni una chembe ngumu kuliko glasi yoyote ya simu. Fundi mkweli husema: "Dada, ukienda bichi usiitie simu kwenye mfuko wenye mchanga." Protekta imewekwa ipate mikwaruzo, na hata kupasuka, kwa niaba ya kioo cha chini.

Linaloniuma ni bei. Mteja hupatana bei ya glasi tu, kubandikiwa anahesabu ni bure, tena kwa kuhimiza: "Fanya haraka, kaka, gari litaniacha." Ningependa bei zitajwe mbili, ya glasi na ya mkono. Fundi ninayemsifu, akiona chembe imegoma kutoka, hubandua, huitupa ile glasi na kufungua nyingine kwa hasara yake, na mara nyingi mteja hakuwa ameiona chembe yenyewe. Hasara hiyo na muda huo vinastahili kuwemo kwenye bei, na mteja aambiwe hivyo kabla simu haijafutwa.