Baruti Inavyokunywa Hewa

Asubuhi za Julai hapa Mumbuni, Machakos, ukungu wa vilima vya Iveti hushuka hadi barabarani na watoto huenda shule wamefunga sweta hadi shingoni. Februari, mahali hapohapo, mabati ya paa hulia kwa joto. Mkulima huzisoma tofauti hizo katika shamba lake. Mlenga shabaha huzisoma katika kitu kidogo zaidi, chembe za baruti zilizomo ndani ya ganda la shaba, na mimi nashikilia kwamba usomaji huo ni nusu nzima ya ufundi wake, ingawa watazamaji husifu jicho na mkono tu.

Tuanze na joto. Baruti ya kisasa, ile isiyotoa moshi, ikipata joto huungua upesi zaidi, gesi yake husukuma kwa nguvu zaidi, na risasi hutoka mtutuni kwa kasi kubwa zaidi. Kwa aina nyingi za kawaida, kila digrii moja ya selsiasi huongeza takriban nusu mita kwa sekunde. Haba? Fikiria sanduku la risasi lililotolewa kivulini alfajiri, kisha likasahauliwa juu ya boneti ya gari hadi saa saba mchana. Digrii 20 si ajabu hapo. Kasi imepanda kama mita 10 kwa sekunde, na kwa umbali wa mita 600 risasi itapiga juu kwa sentimita 10 hivi. Katika mashindano ya shabaha ya F-Class ya yadi 600, pete ya alama 10 ina kipenyo cha inchi 6, yaani sentimita 15. Mlengaji alilenga katikati barabara, hakutikisika hata kidogo, na tundu liko nje ya pete.

Unyevu ni fumbo gumu zaidi. Wengi hudhani hewa yenye unyevu ni nzito, kwamba huikaba risasi njiani. Ni kinyume chake: mvuke wa maji ni mwepesi kuliko hewa kavu, na athari yake kwa risasi iliyokwisha kuruka ni ndogo mno. Unyevu hufanya kazi yake mapema, mlengaji anapojaza risasi zake mwenyewe, kopo la baruti likiwa wazi. Baruti hunywa maji ya hewani, au huyatoa, mpaka ilingane na hewa iliyoizunguka. Iliyokauka mno huwaka kwa pupa, na iliyoshiba unyevu hupooza. Hapo ndipo mizani inapokuwa shahidi wa uongo. Mkulima wa Machakos hahitaji darasa la kemia kulielewa hili: bodi ya nafaka haitaki mahindi yaliyozidi asilimia 13.5 ya unyevu, kwa kuwa gunia bichi ni zito, lakini sehemu ya uzito huo ni maji. Gramu ileile ya baruti, ikipimwa kopo likiwa limeachwa wazi katika mvua za Novemba, ina moto kidogo kuliko iliyopimwa wakati wa vumbi la Septemba. Ndiyo maana wale wanaofyatulia juu ya meza, ambao furaha yao ni kupitisha risasi tano katika tundu moja, wengi wao hupima baruti kwa ujazo badala ya uzito, tena palepale uwanjani, wakigeuza kipimo kadiri jua linavyopanda. Kopo hufungwa kila baada ya kuchota. Baruti hailazwi usiku ndani ya chombo cha kupimia.

Uangalifu wa namna hii ni wa zamani Ukambani kuliko bunduki. Wawindaji walijua kwamba upote wa kano hulegea ukiloa, na sumu ya mshale, iliyotokana na miti ya jamii ya Acokanthera, waliizungushia ukanda laini wa ngozi ili jua na mvua visiifikie kabla ya kufuma. Kisha magobore yakaja na misafara ya pwani. Agosti 1851, Kivoi, yule mfanyabiashara mashuhuri wa pembe, alipouawa karibu na mto Tana, mmishonari Krapf aliyesafiri naye alikimbia peke yake. Kwa kukosa kibuyu, aliijaza mitutu ya bunduki yake maji ya kunywa, akaiziba kwa nyasi. Vichaka viling'oa vizibo, maji yakamwagika. Sidhani kama kuna mwalimu wa shabaha anayeweza kuisoma habari hiyo bila kufumba macho.

Siku hizi Kaunti ya Machakos ina uwanja wa shabaha huko Stoni Athi, na raia mwenye cheti cha silaha kwa kawaida hutumia risasi za kiwandani. Ganda lililofungwa vyema haliingizi unyevu upesi, kwa hiyo kazi inayobaki ni kupigana na joto: sanduku likae kivulini, lifunikwe kitambaa cheupe, risasi zitolewe mojamoja. Baada ya kufyatua mfululizo, chemba nayo huchemka. Risasi ikilala humo huku mlengaji akingoja upepo utulie, baruti yake si ile tena aliyoipakia, na mweledi huitoa akaweka nyingine. Kila kitu huandikwa daftarini: saa, joto, sanduku lilikaa wapi, tundu limetokea wapi. Huandikwa pia mwinuko, kwa kuwa aliyerekebisha darubini yake Mombasa, usawa wa bahari, akija Machakos kwenye mita 1,600 hivi atakutana na hewa nyepesi, na risasi zake za mbali zitapiga juu hata kabla hajaanza kuilaumu baruti.