Duara Juu ya Kibo

Katika duka moja la mjini Moshi niliona kalenda iliyonisimamisha. Kibo kiko katikati ya karatasi na theluji yake, na juu yake nyota zimechora maduara kamili, duara ndani ya duara, kitovu chao kikiwa kileleni hasa, mithili ya kofia ya viua iliyovishwa kichwa cha mzee. Mwenye duka alinambia picha imepigwa papo hapo Moshi. Nilipoitazama mara ya pili nikaona ni picha nzuri na ya uongo, na tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza uongo wake umeanzia wapi.

Wengi watajibu upesi kwamba umeanzia kwenye kompyuta, kwani picha za namna hii hazipigwi kwa mara moja. Zamani mpigaji alifungua kilango cha kamera ya filamu akakiacha wazi saa nzima au zaidi, na nyota zikajiandika zenyewe kwa kadiri dunia inavyogeuka. Kamera ya kidijitali haina subira hiyo. Ikiachwa wazi muda mrefu hupata joto na kutoa chembechembe za rangi ambazo mbinguni haziko, na taa za mji huifanya anga nzima kuwa kama maziwa. (Sisi wa Unguja tuliokaa kizani takriban miezi mitatu, kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, tunajua ni nyota ngapi taa hutuficha.) Kwa hiyo mpigaji huiweka kamera juu ya miguu mitatu, asiiguse tena, ikapiga picha za nusu dakika nusu dakika, moja baada ya moja, mpaka zitimie mia kadhaa. Dunia hugeuka nyuzi 15 kwa saa. Usiku wa saa nne ni picha zipatazo 480 na mwendo wa nyuzi 60. Kisha programu huzipandanisha, na katika kila nukta huhifadhi ile nuru iliyong'aa kuliko zote. Nyota inayohama huacha alama kila ilipopita. Mlima usiohama hubaki mmoja. Hata mwanaanga wa Marekani, Don Pettit, alipopiga picha za mapito ya nyota mwaka 2012 kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga, aliziunga kwa vipande vya sekunde 30.

Mimi hapo sioni uongo. Mtu aliyelelewa na tenzi atauonaje? Utenzi nao hautungwi kwa pumzi moja. Huja ubeti baada ya ubeti, kila mmoja na vipande vyake vinne vya mizani nane nane, na kile kina cha bahari kinachorudi mwishoni ndicho miguu mitatu ya mtunzi. Kikitikisika, kazi yote imeharibika. Lakini msikilizaji husikia mwendo mmoja, wala hamwambii mtunzi kwamba amemdanganya.

Baina ya picha na picha kamera hupumua. Pumzi hiyo ikizidi, mstari wa nyota hukatika ukawa kama shanga zilizolegea uzini, na wapo wanaoiachia programu izibe mapengo. Nami mfasiri naujua ugonjwa huo: ni lile neno tunalolichomeka, lisilokuwemo katika asili, ili mizani itimie. Ni dhambi ndogo, nami nimeitenda mara nyingi.

Ya kalenda ni kubwa zaidi. Moshi iko nyuzi tatu na ushei kusini ya ikweta, na Kibo kiko kaskazini yake, umbali wa kilomita 30 hivi. Ncha ambayo nyota za upande huo huizunguka iko basi nyuzi tatu na ushei chini ya upeo wa macho, nyuma ya mlima na ndani ya ardhi. Hapana aliyesimama Moshi akaiona. Mabaharia walilijua hili bila ya skuli: wazee waliokwenda Maskati kwa pepo za kusi waliondoka Unguja bila ya kuiona Nyota ya Kaskazini, ikawachomozea njiani, na kila walivyozidi kwenda juu nayo ikazidi kupanda.

Picha ya haki kutoka Moshi, kwa hiyo, ni ya matao. Nyota huinuka mkono wa kulia, hupita juu ya Kibo, hushuka kushoto, na duara halitimii abadan. Aliyeitengeneza kalenda, nadhani, aliazima anga ya Ulaya, ambako kitovu huning'inia juu sana, akaibandika juu ya mlima wetu. Ametupokonya kitu adimu. Mtu akiwa kambi ya Kibo, upande wa mashariki wa mlima, akaielekeza kamera yake Mawenzi, nyota zitachomoza zikiwa takriban wima, kama cheche za moto zikipaa, za kushoto zikipinda kushoto na za kulia zikipinda kulia. Mpigaji wa London hawezi kuyapata hayo akiwa kwao.

Nimepata kuiona moja iliyo kweli, iliyopigwa kutoka kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600 juu ya bahari. Wapandaji huondoka hapo karibu na usiku wa manane ili alfajiri iwakute juu. Katika picha hiyo nyota zinateremka kuelekea kushoto, na chini yake taa za vichwani mwa watalii na waongozaji wao zinapanda, nazo zimegeuka mstari kwa kanuni ile ile ya kupandanisha. Wapigaji wengine huzifuta taa hizi wakiziita uchafu. Njia ya ndege iendayo KIA ifutwe, sina ugomvi. Ndege hupita ikasahau. Hawa wamekwenda taratibu usiku kucha pamoja na nyota. Karibu na ukingo wa kilele mstari wao una donge la nuru, jeupe na pana kuliko pengine pote: mtu alisimama hapo muda mrefu, kisha akaendelea.